Mkakati wa Biashara Katika Soko Lisilotulia: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mipango mingi ya biashara huandikwa kana kwamba wapinzani wamelala na wateja wameganda mahali pamoja. Inaeleza soko lilivyo leo, inachora mstari wa mauzo unaopanda kwa miaka mitano, kisha inafungiwa kabatini. Kuna sekta ambazo bei hushuka kila msimu, teknolojia hubadilika kabla mkopo wa mashine haujaisha, na mpinzani huibuka kutoka upande ambao hukuwahi kuutazama. Humo, mpango wa aina hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na mpango, maana unawapa watu imani isiyo na msingi.

Mwongozo huu umesimama juu ya hoja moja. Kila turufu uliyonayo sokoni, yaani kinachomfanya mteja akuchague wewe badala ya mwingine, ina umri wake, na kazi kubwa ya mkakati ni kuhamisha fedha na watu kutoka kwenye turufu inayozeeka kwenda kwenye inayochipukia, kabla mauzo hayajakulazimisha. Kuyaona mabadiliko si kugumu kama watu wanavyodhani. Kugumu ni kuhama.

Chukua habari ya Kodak na Fujifilm, kampuni za filamu za picha. Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975. Fujifilm ilionyesha ya kwake, DS-1P, mwaka 1988. Hakuna aliyeshtukizwa. Mahitaji ya filamu za picha yalifika kileleni karibu na mwaka 2000, kisha yakaporomoka kwa kasi iliyowatisha hata waliokuwa wakiyangoja. Fujifilm, chini ya Shigetaka Komori, ilipunguza shughuli za filamu na kuupeleka ujuzi wake wa kemia kwenye utando unaotumika ndani ya skrini bapa, kwenye dawa, na mwaka 2007 kwenye vipodozi vya Astalift. Wakemia wake walikuwa wameishi na kolajeni, protini inayopatikana pia kwenye ngozi, na mbinu za kuzuia rangi isichujuke kwa miongo mingi, kwa hiyo hawakuanza kutoka sifuri. Kodak nayo haikukaa kitako: mwaka 2005 iliongoza kwa mauzo ya kamera za dijitali nchini Marekani. Lakini kamera hizo zilikuwa na faida finyu, na kampuni yake ya kemikali, Eastman Chemical, Kodak ilikuwa imekwisha kuitenga iwe kampuni huru tangu 1994. Januari 2012 Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Zote mbili ziliona, zote mbili zilihama. Tofauti ilikuwa katika kilichohamishwa na mahali kilipopelekwa.

Kwanza, hakikisha soko lako ni la aina hii

Si kila biashara inahitaji mbio. Ipo kazi inayolipa kwa sababu tu inafanywa vilevile kwa miaka ishirini, na mwenye kazi hiyo akianza kubadilika kila robo mwaka ataiharibu. Kabla ya kuendelea, linganisha muda wa aina mbili: muda ambao turufu yako kuu hudumu kabla wapinzani hawajaiiga, na muda unaohitaji kurudisha fedha ulizowekeza kuipata. Kama ukiwekeza leo fedha zitarudi baada ya miaka minne, na wapinzani wataiga ndani ya miaka miwili, uko kwenye soko lisilotulia hata kama mauzo yako bado yanapendeza. Kama hali ni kinyume, chukua hatua ya 1 na ya 7 tu, mengine yaache.

Dalili nyingine ni hizi. Bei ya ubora uleule inashuka mwaka hadi mwaka. Kampuni tatu zinazoongoza leo si zilezile zilizoongoza miaka mitano iliyopita. Wateja wako wakubwa wanakuuliza mambo ambayo huna jibu lake, na wanayauliza kwa sababu kuna mtu mwingine ameshawaonyesha.

Hatua ya 1: Orodhesha turufu zako na uzipe umri

Kaa na watu wachache wanaoijua biashara kwa undani, mmoja wao awe anayekutana na wateja kila siku. Andikeni kila kitu kinachomfanya mteja awachague ninyi badala ya mwingine. Inaweza kuwa gharama ndogo ya uzalishaji, teknolojia, jina, mtandao wa usambazaji, hataza (haki ya kisheria inayozuia wengine kuiga uvumbuzi wako), idadi ya watumiaji inayovuta wengine, au usumbufu wa mteja kuhama. Kataeni maneno ya jumla kama "huduma bora" au "ubunifu". Kama mpinzani angeweza kuandika sentensi ileile kwenye tangazo lake bila kusema uongo, hiyo si turufu.

Kisha kila moja iulizwe maswali matatu. Nani anaweza kuiiga? Itamchukua muda gani? Itamgharimu nini kwenye biashara yake ya sasa? Swali la tatu ndilo wengi hulisahau, na ndilo lenye uzito kuliko mengine. Turufu imara zaidi haitokani na ugumu wa kuigwa. Inatokana na hasara ambayo mpinzani ataipata akiiga. Kampuni inayouza kupitia mawakala itasita kuuza moja kwa moja kwa mteja kwa sababu mawakala watagoma. Kampuni inayoishi kwa kuuza vipuri itasita kutengeneza kifaa kisichoharibika. Hapo ndipo penye muda wa kupumua.

Mwisho wa kikao, kila turufu iandikwe mwaka wa kufa. Watu watapinga kwamba mwaka huo ni wa kukisia. Ni kweli, lakini makisio yaliyoandikwa yanaweza kusahihishwa, wakati matumaini yasiyoandikwa hayana pa kushikwa. Hataza ina mwisho unaojulikana, kwa kawaida miaka 20 tangu ombi liwasilishwe. Vingine mtavikadiria kwa kutazama ilichukua muda gani kwa turufu iliyopita kuigwa.

Hatua ya 2: Mtazame mpinzani kwa anachofanya

Taarifa kwa vyombo vya habari zisome, lakini usizitegemee. Mkakati wa kweli wa kampuni unaonekana inapoweka fedha na inapoajiri. Fuatilia matangazo yake ya nafasi za kazi: akitafuta wahandisi wa betri miezi mitatu mfululizo, ameshaamua jambo. Tazama maombi ya hataza, viwanda anavyojenga, mikataba anayosaini na wasambazaji wa malighafi, na wateja anaokubali kuwapoteza.

Usimtazame tu aliye kama wewe. Mwaka 2007, iPhone ilipotoka, Nokia ilikuwa ikiuza takribani simu nne kati ya kila kumi duniani, na kama ungeilinganisha na watengenezaji wengine wa simu ungesema haina shida. Shida ilitoka kwa kampuni za kompyuta na programu. Apple ilifungua duka lake la programu mwaka 2008, Google ikaja na mfumo wa simu wa Android, na simu ikageuka mlango wa kuingilia maelfu ya programu zilizoandikwa na watu wengine. Februari 2011 Stephen Elop, mtendaji mkuu mpya wa Nokia, aliwaandikia wafanyakazi kwamba wapinzani hawachukui soko lao kwa simu tu. Wanalichukua kwa mfumo mzima unaoizunguka simu. Alikuwa sahihi, ila muda ulikuwa umekwenda. Septemba 2013 ilitangazwa kuwa biashara ya simu inauzwa kwa Microsoft.

Swali la kujiuliza kila robo mwaka: mteja wetu anajaribu kukamilisha kazi gani, na ni nani nje ya sekta yetu anayeweza kuikamilisha kazi hiyo bila kutuhitaji? Andika majina matatu. Ukikosa hata moja, hujatafuta vya kutosha. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na mwenzako si lazima awe wa sekta yako.

Hatua ya 3: Amua utakachoacha

Hapa ndipo mikakati mingi hufia, nami nitakaa hapa kidogo.

Intel ilianza kama kampuni ya chipu za kumbukumbu. Ndizo zilizoijenga, ndizo zilizokuwa fahari yake. Miaka ya 1980 watengenezaji wa Japani walizalisha chipu hizo kwa ubora wa juu na bei ya chini, na faida ya Intel ikanyauka. Katikati ya mwaka 1985 Andy Grove, aliyekuwa rais wa kampuni, alimuuliza mwenyekiti wake Gordon Moore: bodi ikitufukuza na kuleta mtendaji mpya, huyo atafanya nini? Moore akajibu kwamba angeacha kumbukumbu. Grove akasema basi wao wenyewe watoke mlangoni, warudi, wafanye hivyo. Mwaka huohuo Intel ilianza kuondoka kwenye soko hilo na kuweka nguvu zake kwenye prosesa, yaani chipu zinazoendesha kompyuta, ambazo ndizo zilizoifanya kubwa.

Kisa hicho husimuliwa sana kama kisa cha ujasiri wa viongozi wawili. Sehemu inayonivutia zaidi husimuliwa mara chache. Ndani ya Intel kulikuwa na kanuni ya kawaida kabisa ya kugawa uwezo wa uzalishaji: bidhaa inayoleta faida kubwa kwa kila bamba la silikoni linalokatwa chipu ndiyo inayopata nafasi kwanza kiwandani. Mameneja wa ngazi ya kati waliifuata kanuni hiyo mwezi baada ya mwezi, na nafasi ya kumbukumbu ikawa inamegwa kidogo kidogo, nyingi ikienda kwenye prosesa. Viongozi walipofika kuamua, kiwanda kilikuwa kimeshahama kwa sehemu kubwa. Kilichobaki kilikuwa kuhamisha mioyo, pamoja na watafiti ambao bado walikuwa wakipewa fedha nyingi kwa ajili ya bidhaa ambayo haikuwa na nafasi tena.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua bidhaa, huduma na makundi ya wateja ulionao, na kwa kila kimoja hesabu faida kwa kila kipimo cha kile kilicho haba kwako. Kwa kiwanda ni saa za mashine. Kwa kampuni ya programu ni saa za wahandisi. Kwa muuzaji ni nafasi ya rafu. Faida kwa asilimia ya mauzo haitoshi, kwa sababu bidhaa yenye asilimia nzuri inaweza kula saa nyingi kuliko inavyolipa. Panga orodha kutoka juu hadi chini. Theluthi ya mwisho iulizwe swali la Grove.

Kisha andika kwa maneno yaliyo wazi mambo matatu ambayo hamtafanya mwaka huu, hata mteja akiomba. Mkakati usiomkatalia mtu yeyote chochote hauongozi kitu. Kila idara itaendelea na lake na kuliita mkakati.

Hatua ya 4: Weka kanuni ya kuhamisha fedha na watu

Bajeti ya kawaida ni adui mkubwa wa kampuni iliyo kwenye soko linalobadilika haraka. Idara hupata ilichopata mwaka jana, ikiongezwa au kupunguzwa kidogo, na mwenye sauti kubwa hushinda. Kwa mtindo huo, biashara inayokufa huendelea kula vizuri hadi siku ya mwisho, na inayozaliwa hudumaa.

Badala yake, amueni kanuni kabla ya mgogoro. Kila robo mwaka, sehemu fulani ya bajeti ya shughuli za zamani irudi katikati na kugombewa upya. Ukubwa wa sehemu hiyo utategemea kasi ya soko lenu. Ilinganisheni na umri wa turufu mliouandika katika hatua ya 1. Turufu yenye miaka mitano ya kuishi inaweza kurudisha kidogo kidogo. Yenye miaka miwili lazima irudishe kwa pupa. Kanuni ikishaandikwa, anayepunguziwa fedha haoni kwamba ameadhibiwa, na kiongozi haanzi kubembelezwa upya kila mara.

Watu ni wagumu kuhamisha kuliko fedha. Biashara mpya mara nyingi hupewa vijana wenye ari na mabaki ya vifaa, wakati mameneja wenye uzoefu wanabaki kulinda mapato ya zamani kwa sababu bonasi zao ziko huko. Ukitaka kujua kama kampuni imeamua kuhama kweli, usisome mkakati wake. Angalia mtu wake bora amekaa idara gani. Badilisha malipo kabla ya kubadilisha vyeo: anayekwenda kwenye shughuli mpya asipoteze kipato kwa kukubali kwenda, na apimwe kwa malengo ya hatua ile, siyo kwa faida ambayo haiwezi kuwapo bado.

Jiandae pia kuua kitu kinachouza vizuri. Septemba 2005 Apple iliiondoa iPod mini, kifaa chake cha kusikilizia muziki, sokoni ilipokuwa ikipendwa sana, ikaleta iPod nano mahali pake. Miaka miwili baadaye iPhone ikaanza kuchukua kazi ya iPod zenyewe. Kama bidhaa yako italiwa, bora iliwe na ndugu yake.

Ila kuhama kwenye mwelekeo sahihi hakukupi ruhusa ya kumburuta mteja. Netflix iliona mapema kwamba kutazama filamu kupitia intaneti kutashinda DVD za kutumwa kwa posta. Julai 2011 ilitenganisha huduma hizo mbili, na aliyetaka zote akajikuta akitakiwa kulipa dola 15.98 badala ya 9.99. Septemba ikatangaza kwamba DVD zitahamia kampuni tofauti iitwayo Qwikster, yenye tovuti na akaunti yake. Wateja walikasirika, na katika robo mwaka hiyo ikapoteza wanachama wapatao 800,000 nchini Marekani. Oktoba mpango wa Qwikster ukafutwa. Mwelekeo haukuwa na kosa, na DVD zenyewe zilifikia tamati Septemba 2023. Kilichokosewa ni kumbebesha mteja gharama na usumbufu wa safari ya kampuni. Kabla ya kuhama, andika kwa niaba ya mteja wa zamani: kesho asubuhi ataamka akikuta nini kimekuwa kigumu kwake? Kama huna cha kumpa badala yake, punguza mwendo.

Hatua ya 5: Jaribu kidogo, jaribu kwa kikomo

Gawanya maamuzi mafungu mawili. Kuna yanayorudishika: bei ya majaribio katika eneo moja, kipengele kipya cha programu, ujumbe tofauti wa tangazo. Kuna yasiyorudishika au yanayorudishika kwa maumivu: kiwanda, ununuzi wa kampuni, kuacha msambazaji mkuu, ahadi kwa umma. Jeff Bezos aliwaeleza wanahisa wa Amazon katika barua yake ya mwaka 2015 kwamba kampuni kubwa hukwama kwa kuyapitisha maamuzi yote katika mlolongo mmoja mzito. Kwangu mimi, kampuni ndogo zina ugonjwa wa upande wa pili: huamua yasiyorudishika kwa haraka ileile wanayoamulia rangi ya nembo.

Kwa yanayorudishika, mwachie aliye karibu na mteja aamue bila kupanda ngazi. Kila jaribio liandikwe ukurasa mmoja wenye mambo manne: tunaamini nini, tutajuaje tumekosea, kiasi cha juu cha fedha, na tarehe ya mwisho. Jambo la pili liandikwe kabla ya kuanza. Baada ya matokeo kutoka, akili ya binadamu hupata sababu ya kuendelea na chochote.

Na jaribio likifa, aliyeliendesha asiadhibiwe kwa matokeo. Aulizwe tu kama aliheshimu kikomo. Hii ni sentensi rahisi kuandika. Kuitekeleza kunahitaji kiongozi asimame mbele ya wengine na kumpandisha cheo mtu ambaye jaribio lake halikufanikiwa lakini lilifungwa kwa wakati.

Hatua ya 6: Pima kasi yenu kwa saa

Mwaka 1981 Yamaha iliamua kuipiku Honda kama mtengenezaji mkubwa wa pikipiki duniani, ikajenga kiwanda kipya. Honda ilijibu kwa namna ambayo bado inafundishwa. Ndani ya miezi 18 ilileta au kubadilisha aina 113 za pikipiki, huku Yamaha ikimudu theluthi tu ya idadi hiyo. Bei zilishuka sana, lakini si bei peke yake iliyoiumiza Yamaha. Pikipiki zake zilionekana za kizamani zikiwa bado mpya kwenye maghala. Mwanzoni mwa 1983 rais wa Yamaha alikiri hadharani kwamba wameshindwa.

Somo la Honda halihusu kuchapa kazi usiku na mchana. Kampuni hiyo ilikuwa imeshajenga uwezo wa kupitisha wazo hadi kwenye bidhaa kwa muda mfupi, ndiyo maana ingeweza kurudia mara 113. Chagua mabadiliko matatu yaliyowafikia wateja wenu hivi karibuni, makubwa na madogo. Kwa kila moja andika tarehe hizi: siku hitaji liliposikika mara ya kwanza, siku uamuzi ulipotolewa, siku kazi ilipoanza, siku ilipokamilika, siku mteja alipoipata. Utaona jambo linalojirudia karibu kila mahali: kazi yenyewe ilichukua sehemu ndogo, na siku nyingi zililiwa na kusubiri sahihi, kikao, mtu aliyeko likizo, idara nyingine imalize ya kwake. Usiwaambie watu waongeze bidii. Ondoa kituo kimoja cha kusubiri kila mwezi.

Kasi ina mpaka wake. Kampuni inayobadili mwelekeo kila mwezi haina wepesi, imechanganyikiwa, na wafanyakazi wake hujifunza kutotekeleza chochote kwa sababu kitabadilishwa kabla hakijakamilika. Amueni mambo machache yasiyoguswa kwa miaka: mnamtumikia mteja gani, mmemwahidi nini, mistari gani hamvuki. Mengine yote yawe huru kubadilika.

Hatua ya 7: Fanya hesabu kabla ya vita vya bei

Mpinzani akishusha bei, mwili mzima hutaka kujibu siku hiyohiyo. Kaa kwanza na kalamu.

Tuseme unauza kwa 100 na gharama zinazobadilika kwa kila kipande ni 70. Unabakiwa na 30 za kulipia gharama zisizobadilika na faida. Ukishusha bei kwa asilimia 10, unabakiwa na 20. Ili ubaki pale ulipokuwa, itakubidi uuze nusu zaidi ya ulivyouza jana: vipande 150 kwa kila 100. Jiulize kama wateja hao wa ziada wapo kweli, na kama mpinzani atakaa akikutazama ukiwachukua.

Baada ya hapo tafuta majibu ya mambo manne. Fedha taslimu zenu zitadumu miezi mingapi kwa bei hiyo, na zake zitadumu mingapi? Ana biashara nyingine inayomlisha? Gharama zake ni ndogo kwa sababu ya ufundi wa kudumu au kwa sababu wawekezaji wanalipa tofauti? Na bei ikirudi juu, mteja atabaki au ataondoka? Jibu la mwisho likiwa "ataondoka", mnanunua mauzo, hamnunui wateja.

Uber ilipokuwa China, mtendaji wake mkuu Travis Kalanick alisema kampuni inapoteza zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka humo. Mpinzani wake Didi naye alikuwa akimwaga ruzuku. Abiria na madereva walikuwa na programu zote mbili kwenye simu zao, wakichagua nafuu ya siku hiyo. Agosti 2016 Uber iliuza shughuli zake za China kwa Didi na kuchukua hisa. Wengine waliona huo ni unyonge. Mimi nauona kuwa uamuzi wa busara: pale mteja hana sababu ya kubaki, anayejiondoa mapema akiwa bado na kitu cha kuuza anapata bei nzuri kuliko anayengoja.

Kama si lazima kushusha bei nzima, kuna njia za katikati: bidhaa nyepesi yenye jina tofauti kwa wanaotazama bei tu, mkataba mrefu kwa wateja wakubwa, au kuondoa kipengele ambacho wateja hawakilipii kwa hiari. Mara nyingi hiki cha mwisho ndicho bora, kwa sababu kinashusha gharama kabla ya bei.

Hatua ya 8: Linda fedha taslimu na wepesi wa kubadilisha gharama

Soko lisilotulia huua kampuni zenye faida vitabuni na akaunti tupu. Weka akiba inayoweza kulipia gharama zisizobadilika kwa muda unaozidi kipindi kimoja cha kushindwa: kama bidhaa mpya huchukua miezi tisa, akiba ya miezi mitatu haikutoshi kurudia mara ya pili. Kodisha kile ambacho teknolojia yake hubadilika haraka, miliki kile ambacho ndicho turufu yenyewe. Tangu Amazon ilipoanza kuuza huduma za kompyuta za wingu mwaka 2006, kampuni changa haihitaji kununua seva ili ianze, na kila sekta ina kitu kama hicho ambacho jana kilinunuliwa na leo hukodishwa. Usifunge mkataba wa miaka mitano kwa kitu chenye umri wa miaka miwili, hata punguzo liwe tamu kiasi gani.

Hatua ya 9: Ratiba ya kufikiri

Kila wiki, nusu saa ya habari kutoka kwa wateja na wapinzani, bila maamuzi. Kila mwezi, majaribio: lipi linafungwa, lipi linaongezwa. Kila robo mwaka, fedha na watu wanahama kwa kanuni ya hatua ya 4. Mara moja kwa mwaka, orodha ya turufu inapewa umri upya.

Kwenye kikao cha mwaka ongezeni zoezi la hali mbalimbali za baadaye. Kampuni ya mafuta ya Shell ilianza kulitumia kabla ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, Pierre Wack akiwa miongoni mwa walioliongoza. Lengo halikuwa kutabiri. Mameneja walikaa na picha kadhaa za kesho inayowezekana, mojawapo ikiwa ya bei ya mafuta kupaa ghafla, na ilipotokea walishakuwa wameifikiria. Nanyi chagueni picha tatu, moja iwe ile ambayo hakuna anayependa kuizungumza, na kwa kila moja andikeni dalili ya kwanza itakayoonekana na mtu atakayekuwa akiitazama.

Mwezi wa kwanza

Usianze hatua zote tisa kwa pamoja. Wiki ya kwanza, fanya orodha ya turufu na umri wake. Wiki ya pili, hesabu faida kwa kila kipimo cha kitu kilicho haba kwako. Wiki ya tatu, fuatilia tarehe za mabadiliko yale matatu na uondoe kituo kimoja cha kusubiri. Wiki ya nne, acha kitu kimoja kutoka theluthi ya mwisho ya orodha. Watu wake wapewe kazi mpya kwa maandishi wiki hiyohiyo, na bajeti yao ihame siku hiyohiyo. Ikiachwa mahali ilipokuwa kusubiri mwaka wa fedha uishe, itatumika yote.